Siku ya 185

"Mwanangu, theluji ya Januari itakuzuiaje Juni?"

Mama aliniuliza hivyo kwenye simu mwishoni mwa Aprili 2015, nikakosa la kumjibu. Yeye alikuwa Likoni, Mombasa, ng'ambo ya feri. Mimi nilikuwa katika mji mdogo karibu na Worcester, jimbo la Massachusetts (linaandikwa hivyo, lakini ukitaka wenyeji wakuelewe sema "Wusta"). Nilikuwa nimempigia kumwambia kwamba hatutafika siku niliyomwahidi. Na yeye alikwishajiandaa. Chumba cha watoto kimepakwa chokaa, tende zimewekwa, mjukuu wake wa kiume amenunuliwa kofia ya kushonwa kwa mkono. Mwaka huo Ramadhani ilitarajiwa kuingia tarehe 18 Juni, nami nilikuwa nimekata tiketi za siku hiyohiyo, tupitie Dubai, tuteremke Nairobi, tupande basi la usiku, na mwezi nne, yaani siku ya nne ya mfungo, tufuturu kwake.

Nikajaribu kumweleza. Shule za huku, Mama, zinahesabu siku. Jimbo linataka shule isomeshe siku 180 kwa mwaka. Theluji ikifunga shule leo, siku hiyo imekopwa tu, na lazima ilipwe kabla mwaka haujaisha. Zetu zimekopwa nane. Kwa hiyo shule iliyokuwa ifungwe tarehe 17 Juni sasa itafungwa tarehe 26.

Akanyamaza. Nikasikia adhana ya msikiti wa jirani kwa nyuma. Kisha akauliza, "Kwani hiyo theluji bado haijayeyuka?"

Nilicheka, maana nje kwangu nyasi zilikuwa zimeanza kuchipua. Ila pale Boston, mwendo wa saa moja kwa gari, haikuwa imeyeyuka. Nitalirudia hilo.

Majira yale ya baridi kila mtu wa Massachusetts ana lake la kusimulia. Boston walipima inchi 110.6 kwa msimu mzima, yaani zaidi ya mita mbili na nusu, na hawajapata kuona nyingi kama hiyo tangu waanze kuweka kumbukumbu. Kwetu ni ile dhoruba ya tarehe 26 na 27 Januari tunayoikumbuka. Worcester peke yake ilipata inchi 34.5 kwa dhoruba moja, karibu sentimita 88. Simama kando ya mtoto wa miaka sita, kisha tazama kifuani pake. Hapo ndipo ilipofika, na pale upepo ulipoirundika ilimzidi kimo.

Mimi nafanya kazi ya wazee. Wakenya wa Worcester na Lowell hawahitaji kuelezwa kazi hiyo. Tuko wengi ndani yake, wa mchana na wa usiku, tunaowaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani wazazi wa watu wengine. Gavana Charlie Baker, ambaye hakuwa na hata mwezi ofisini, alipiga marufuku magari barabarani kuanzia usiku wa manane. Lakini wahudumu wa afya hatukuhusika. Mzee wa miaka tisini haachi kuhitaji kugeuzwa kwa sababu kuna theluji. Niliingia kazini Jumatatu alasiri na mfuko wa nguo, nikatoka Jumatano. Aliyekuwa anipokee zamu hakuweza kufika, na aliyekuwa ampokee yeye hakuweza pia. Tulilala kwa zamu kwenye viti vya chumba cha chakula.

Baba watoto ni dereva wa lori la masafa marefu. Dhoruba ile ilimkuta Pennsylvania, akaegesha huko siku mbili. Kwa hiyo watoto wangu wawili, binti wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka sita, walilala kwa jirani. Hapa lazima nieleze nyumba zetu. Ni nyumba za mbao za ghorofa tatu, kila ghorofa familia moja, ukumbi mmoja mbele, ngazi moja nyuma. Sisi tulikuwa juu kabisa. Chini kabisa alikaa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, na watoto wake watatu, mwaka wake wa kwanza Marekani. Kiswahili chake na changu vilikuwa vikicheka kila vinapokutana, ila vilielewana. Yeye alinilelea watoto usiku wa zamu. Mimi nilimsomea barua.

Na hapo kwenye barua ndipo nilipokosea.

Shule ikifungwa kwa theluji, taarifa huja alfajiri, kama saa kumi na moja. Simu inalia, unasikia sauti iliyorekodiwa ya mkuu wa elimu wa wilaya, na majina ya miji yanapita chini ya skrini ya televisheni kama orodha ya waliofaulu. Sauti yenyewe ni ya Kiingereza cha haraka, ya mtu anayetamani kurudi kulala. Mimi nilikwishaizoea. Haikunijia kabisa kwamba jirani yangu anapokea simu ileile, anasikia maneno yasiyo na maana, anasema "asante" kwa mashine, na anakata.

Jumatatu tarehe 2 Februari nilikuwa narudi kutoka zamu ya usiku. Theluji ilikuwa inaanguka ile ya kulala, ya upepo, unaendesha gari huku umenyoosha shingo kama kobe. Nikakata kona ya mtaa wetu saa moja na nusu na kitu, nikaona vitu viwili vyekundu kando ya ukuta wa theluji ambao tingatinga la mji lilikuwa limeusukuma wiki iliyotangulia. Ni majaketi. Watoto wawili wa jirani, mabegi mgongoni, wanangoja basi la njano. Wamesimama pale tangu saa moja kasoro. Mkubwa alikuwa amemvua mdogo glavu zilizolowa, akampa zake, na yeye mikono ameingiza kwapani. Hawakuwa wanalia. Mdogo alinisalimu vizuri kabisa. "Shikamoo mama. Basi inachelewa leo."

Nikawaingiza garini. Nilipofika mlangoni mama yao alishangaa kuwaona. "Masomo haiko?" akaniuliza. Wao huita shule masomo. Nikamwambia haiko, dada, walipiga simu. Akashika kichwa. "Ile simu!"

Niliwakanda vidole kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, hilo tunafundishwa kazini, na huku nakanda najilaumu. Ningeweza kuilaumu wilaya pia, na baadaye niliilaumu. Ilikuwa na familia za lugha sita saba na simu ya lugha moja. Lakini ukweli ni kwamba miezi minne nilikuwa nakaa juu ya kichwa cha mama huyo na sikuwahi kumuuliza simu ya alfajiri anaielewaje. Tangu siku hiyo tulipatana. Nikisikia mkuu wa elimu anaanza kuongea, nilimpigia jirani na kusema neno moja tu: "Lala." Alikata bila kujibu. Februari ile nilisema "lala" mara tatu zaidi.

Kwani zilikuja kwa mfululizo wa kuchekesha. Tarehe 27 na 28 Januari, kisha 2 na 3 Februari, kisha 9 na 10 Februari. Sita ndani ya wiki mbili. Tarehe 10 hata treni za Boston zilisimama siku nzima. Kabla ya hapo Desemba tulikuwa tumepoteza moja kwa barafu, na Machi ikaja nyingine. Katikati yake, kana kwamba watoto hawakukaa nyumbani vya kutosha, ikafika likizo ya kawaida ya Februari, wiki nzima, ambayo iko kwenye kalenda iwe theluji au jua. Nakumbuka nilisimama jikoni nikipika maharage na kukanda chapati za watoto watano, nikihesabu kwamba kwa wiki nne mwanangu alikuwa ameingia darasani siku tisa.

Watu wa mishahara ya mwezi huiita siku ya theluji zawadi. Wanafanya kazi na kompyuta mezani nyumbani, watoto wanateleza kilimani, baadaye chokoleti ya moto. Sisi wa kulipwa kwa saa tunajua bei yake. Ama huendi kazini na hulipwi, ama unaenda na unatafuta wa kukulelea. Na kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Watoto wangu na wa jirani walikuwa wanakula chakula cha asubuhi na cha mchana shuleni bila malipo. Shule ikifungwa, milo kumi ya watoto watano inahamia kwenye sufuria zetu mbili. Siku moja si kitu. Siku ya sita jirani alikuja kuniazima unga bila kunitazama usoni.

Binti yangu yeye alikuwa upande wa theluji moja kwa moja. Jioni moja nilimkuta chooni anatupa vipande vya barafu na kuvuta maji, pajama amevaa nje ndani, na kitandani nikakuta kijiko chini ya mto. Damu yangu ya Likoni ikasema huyu amefundishwa uchawi. Kumbe ni michezo ya watoto wa Kimarekani. Ukifanya hayo matatu, kesho theluji itafunga shule. Tarehe 9 ilipofunga kweli, aliniangalia kwa macho ya mganga aliyelipwa.

Kalenda ya shule ilikuwa mlangoni mwa friji tangu Septemba, imeshikwa na sumaku ya umbo la embe. Nilikuwa nimeitazama Novemba nilipokata tiketi. Iliandikwa kwa herufi nzito: siku ya mwisho, 17 Juni. Sikuona, au niliona na sikujali, mstari wa chini kwa herufi za kusoma kwa miwani: siku ya 185, 24 Juni. Shule za Massachusetts hupanga siku 185 na husomesha si chini ya 180. Hizo tano za mwisho ni akiba ya theluji. Kila mzazi aliyezaliwa huku anajua kwamba tarehe ya kweli ni ile ya herufi ndogo, na mwenye busara anaongeza na siku chache juu yake. Mimi nilikata tiketi ya Alhamisi tarehe 18 nikijiona mjanja, kwa sababu wiki hiyo ilikuwa rahisi.

Na sisi tulikuwa tumepita hata ile akiba. Siku nane, tano zimekwisha, tatu zinaning'inia. Kamati ya shule ikaitisha kikao Machi, usiku, wazazi wanaruhusiwa. Sijawahi kwenda kikao chochote cha shule Marekani kabla ya hapo. Nilikwenda na sare za kazi.

Niliyoyasikia pale yalinifunza zaidi ya kalenda. Nilidhani siku za shule ni mali ya walimu na watoto. Kumbe kila siku ina wenyewe kumi. Mmoja alitaka ikatwe likizo ya Aprili, ile wiki ya Siku ya Wazalendo, na nusu ya ukumbi ikaguna, wana tiketi za Florida. Mwingine akasema Jumamosi, na mtu wa mabasi akauliza nani atalipa madereva. Kuongeza dakika kwa kila siku? Sheria inataka saa 900 za masomo kwa msingi na 990 kwa sekondari, lakini inataka na siku 180 zenyewe, dakika pekee hazitoshi. Kwenda Julai hakuna, maana mwaka wa fedha wa jimbo unafungwa tarehe 30 Juni na mikataba ya walimu inakwenda nao. Mtu akataja Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili, ambayo wilaya yetu hupumzika. Baba mmoja Mkatoliki akasimama, sauti inatetemeka, akauliza kama hiyo nayo ni ya kuuza. Nilimwonea huruma kidogo, na kidogo nikajisemea moyoni karibu, ndugu. Sisi wa Idi tumezoea kumtoa mtoto shuleni kwa barua.

Mimi niliinua mkono mwishoni. Nikaeleza tiketi zangu, Kiingereza changu kikikimbia mbele yangu. Mwenyekiti wa kamati alinijibu kwa adabu kwamba siku ya 185 huchapishwa kila mwaka. Alikuwa sahihi, na bado nilitamani kumrushia kiatu. Kisha, kwa kuwa nimeshasimama, nikasema la simu ya alfajiri. Sikutaja jina la jirani. Nilisema tu, watoto wawili, dakika arobaini, majaketi mekundu. Ukumbi ukatulia. Mwaka uliofuata taarifa zikaanza kutumwa pia kwa maandishi, na shule ikapeleka fomu nyumbani ya kuuliza familia inataka lugha gani. Kiswahili kilikuwamo. Sidai ni kwa ajili yangu. Huenda walikwishapanga.

Uamuzi ukawa watoto wasome Ijumaa Kuu, na siku saba zilizobaki ziende Juni. Shule ifungwe Ijumaa tarehe 26.

Nilimsimulia dada yangu wa Mombasa habari za hesabu hiyo na yeye akacheka mpaka akakohoa. Januari ileile shule za umma za Kenya zilikuwa zimefungua muhula bila walimu kwa sababu ya mgomo, na Septemba yake mgomo mwingine ukaja kula wiki tano. "Na sisi nani anatulipa?" aliuliza. Nikakumbuka utoto wetu. Mvua ya Mei ilipojaza barabara hakuna shule iliyofungwa. Ulibeba viatu mkononi, ukavuka maji, ukifika umechelewa unachapwa, na ukichapwa unashukuru kwamba umefika. Ilipofungwa ilikuwa kwa mgomo au kwa siasa, na siku hizo zilizama moja kwa moja. Mtihani haukuuliza ulisoma siku ngapi. Aliyekuwa na fedha alimlipia mtoto tuisheni, na hata sheria ya elimu ya 2013 ilipokataza tuisheni za likizo, dada yangu aliendelea kumtafutia mwanawe mwalimu wa kumfundisha sebuleni. Siku zililipwa, ila na mzazi, kimya kimya, na asiye na uwezo hakulipiwa.

Baada ya simu hiyo sikuweza tena kukasirikia siku saba kwa moyo mmoja. Ila bado nilikuwa nimeamua tuondoke tarehe 18. Hesabu yangu ilikuwa hii: kubadilisha tiketi ni dola 250 kwa kichwa, vichwa vitatu, dola 750. Kazini nilikuwa nalipwa dola 13 kwa saa. Hizo ni karibu saa 58 za kugeuza wazee, kabla ya kodi. Na kila mtu alijua siku za mwisho za Juni ni siku za kujaza. Mwalimu wa binti yangu, mtu muungwana, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nusu ya darasa haitakuwepo. Karani wa ofisi alisema rasmi hairuhusiwi, safari ya familia ni utoro tu, kisha akaniuliza kama Mombasa kuna simba.

Aliyenibadilisha ni mwalimu wa mdogo. Mwanangu alikuwa darasa la kwanza na kusoma kulikuwa kunamkwama. Herufi anazijua, zikikaa pamoja zinamkimbia. Alikuwa anapata msaada wa ziada nusu saa kila siku, na nusu saa hizo nane zilikuwa zimekwenda na theluji. Ukichanganya na mafua yake ya Desemba na likizo, mwalimu alinionyesha daftari lake la kufuatilia: kila kituo kirefu cha majira ya baridi kilimrudisha nyuma hatua mbili. Hakunisihi. Alisema tu, "Darasa likipungua nitakuwa na nafasi ambayo sijawahi kuwa nayo mwaka mzima. Niachie hizo siku saba."

Nikalipa dola 750. Nikampigia Mama. Ndipo akaniuliza lile swali.

Basi Ramadhani ilianza tukiwa Massachusetts. Kwa asiyejua, Juni huko jua linazama karibu saa mbili na nusu za usiku. Ni funga ya saa kumi na saba, wakati Likoni wanakwisha kunywa uji saa kumi na mbili na nusu ya jioni. Na joto likaja. Majengo ya shule ya mji wetu ni ya matofali mekundu, ya zamani, yamejengwa kuweka joto ndani kwa ajili ya Januari, hayana viyoyozi. Madirisha yalifunguka upana wa kiganja. Theluji iliyowafungia nyumbani wakitetemeka ndiyo ileile iliyowaweka darasani wakitoka jasho. Binti yangu alikuwa anafunga mpaka adhuhuri kama watoto wa kwetu wanavyoanza. Siku ya pili alirudi, akatupa begi, akasema, "Mama, leo tumeangalia filamu mbili na kufuta madawati."

Hiyo ilikuwa ripoti yake siku zote saba. Filamu. Bingo. Kubandua picha ukutani. Siku moja walihesabu penseli. Kwake siku hizo ziliandikwa kwenye daftari la mahudhurio, na hapo tu. Alinikumbusha kila jioni, kwa ushahidi, kwamba angeweza kuwa kwa bibi yake. Sikuwa na cha kumjibu na sikujaribu.

Kwa mdogo wake ilikuwa vingine. Darasa la watoto 22 lilibaki na tisa, kisha saba. Mwalimu aliweka meza ndogo karibu na feni, akaketi na watatu, asubuhi nzima. Nilimfuata Jumatano mapema kwa miadi ya daktari, nikawaona kupitia kioo cha mlango. Feni inapeperusha kurasa, mwalimu ameziwekea jiwe. Mwanangu ameinama, kidole chini ya neno, shingo inang'aa jasho. Akafika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo wa unaofuata bila kuambiwa. Nilingoja nje mpaka wamalize ukurasa, tukachelewa kwa daktari.

Jirani yangu yeye alizipokea siku saba kwa furaha tupu. Alikuwa amepata kazi ya kufulia hotelini, asubuhi, na kambi za kiangazi za bure zenye chakula zilikuwa hazijaanza. "Kumbe banarudisha masiku!" alisema nilipomweleza mara ya kwanza, akanishika mkono. Alikotoka, shule iliyofungwa kwa vita haikurudisha kitu. Tarehe 26 wanawe watatu walikuwa kituoni saa moja kasoro, kama kawaida yao, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 27. Kwenye ndege mdogo alichomoa ile kadi ya usalama kutoka mfukoni mwa kiti, akaanza kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole chini. Mkanda. Mlango. Boya. Alipokwama alirudi nyuma, akalivunja, akaliunganisha. Dada yake akamwambia anyamaze, abiria wanalala. Alimaliza kadi nzima, akaigeuza, akakuta upande wa pili ni Kiarabu, akanitazama kama aliyedhulumiwa. Sijui kama ni zile siku saba. Mtoto wa miaka sita hukua hata ukimwacha. Ila najua kwamba Januari asingeweza.

Likoni tulifika mwezi kumi na tatu, karibu nusu ya Ramadhani imekwenda. Kofia ilikuwa imembana. Mama hakusema lolote kuhusu kuchelewa, na kwa Mama kutosema ni kusema.

Tarehe 14 Julai, mwezi ishirini na saba, tulikuwa uani alasiri, yeye anakaanga kaimati, mimi natengeneza shira. Simu yangu ikalia, mwenzangu wa kazini amenitumia habari. Majira yale malori ya Boston yalikuwa yanasomba theluji ya barabarani na kuirundika kwenye kiwanja kimoja eneo la Seaport, ukawa mlima. Mlima huo ulikuwa umekaa hapo Aprili, Mei na Juni, mweusi kwa takataka, baiskeli na koni za barabarani zikichungulia, na watu wa jiji walikuwa wanabahatisha utakwisha lini. Siku hiyo Meya Marty Walsh alikuwa ametangaza kwamba umekwisha.

"Mama," nikamwambia, "ile theluji imeyeyuka."

Akageuza kaimati. "Ipi?"

"Ya Januari. Imekwisha leo, Boston."

Mama akaacha kijiko hewani, mafuta yakimchuruzika. Akanitazama, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amekaa kwenye mbuzi wa kukunia nazi akisoma maandishi ya mfuko wa unga, akanitazama tena.

"Leo ndiyo imekwisha?"

"Leo."

"Basi mngekuja tu tukafunga pamoja," akasema, akarudi kwenye karai. "Mngerudi mkaikuta inawangoja."